Kabichi Zilizovuliwa Majani

Kila mwezi wa kumi na moja Fenglan hununua kabichi za kumfikisha mpaka theluji iyeyuke. Si kwamba Fushun, mji wake wa kaskazini mwa China, haina maduka. Yeye anazipenda zilizolala, zile ndefu zilizokaa baridini wiki kadhaa mpaka moyo wake ukawa mtamu, ambazo ukizikaanga kwa siki na pilipili kavu huhitaji kitu kingine mezani. Mwaka huo aliteleza ngazini akiwa amezikumbatia mbili, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia.

Mwanawe wa pekee, Hongbin, kinyozi huko Guangzhou, kusini kabisa mwa nchi, akafunga duka na kupanda treni kuja kumuuguza. Alikuta kabichi zimeanikwa uani, na mama yake yuko dirishani ghorofani, mkono kwenye plasta, anatoa maagizo kama msimamizi wa ujenzi. Zigeuze. Si hivyo, taratibu. Zipe nafasi zipumue. Jioni zifunike blanketi zisigande. Hongbin aligeuza, akafunika, akafunua, na kila alichofanya kilikuwa na kasoro iliyoonekana kutoka juu. Kilichomuumiza Fenglan zaidi ya mfupa ni kwamba kazi ile angeimaliza mwenyewe huku akipiga soga.

Mchana mmoja alimeza dawa ya maumivu, usingizi ukampitia. Alipoamka akachungulia. Hongbin alikuwa amebandua majani yote ya nje yaliyonyauka, amekata vikonyo, na kuziosha kabichi bombani moja baada ya nyingine. Zilirundikana kwenye karai, nyeupe, zinadondosha maji.

Fenglan alishuka ngazi bila hata kushika ukuta.

"Nani kakutuma?"

"Zilikuwa chafu, mama. Majani ya nje yalishakauka."

"Kukauka ndiyo kazi yake. Lile ndilo koti lake. Umezivua nguo baridi iko mlangoni, halafu ukaziogesha. Sasa zitaoza zote."

Hongbin alifuta kwenye suruali mikono yake iliyokuwa myekundu kwa maji ya baridi. Kisha akasema kwamba dukani kabichi zipo majira yote, kwamba hata matunda ya kiangazi yanauzwa kwenye theluji. Fenglan akajibu kwamba kabichi za dukani zina ladha ya maji. Hapo uvumilivu wa Hongbin ukaisha.

"Umevunjika mkono, na bado unayoihurumia ni kabichi. Chumba chako Guangzhou kiko tayari tangu lini? Nikikuita, huwezi kuziacha kabichi. Mwaka jana kabichi. Mwaka juzi kabichi. Mama, nishindane na mboga mpaka lini?"

Fenglan alijua kwamba alichosema mwanawe kilikuwa kweli. Kabichi zilikuwa kisingizio chepesi. Kusema kwamba aliuogopa mji wa lugha nyingine, ambako hata muuza mboga asingemwelewa, kulikuwa kugumu zaidi, na kumwambia hivyo uani, majirani wakisikia, hakungewezekana kabisa.

"Leta mtungi," akasema. "Tutazichachusha."

Kazi hiyo iliwachukua mpaka giza likaingia. Hongbin alipasua kabichi, akazipanga mtungini, akanyunyiza chumvi, akakandamiza kwa ngumi. Fenglan alisimama nyuma yake akisema kaza, chumvi zaidi, hapo umeacha shimo. Guizhi, jirani wa chini, alikuja kutazama akaegemea mlango.

"Kinyozi wetu," akasema, "naona umezinyoa upara hata zile ambazo hazikuketi kwenye kiti chako."

Hongbin akacheka. Fenglan hakucheka. Aliona jiwe la kuzikandamiza mtungini limekaa upande, akajaribu kulisukuma kwa mkono mzima, likamshinda. Akamwita Hongbin alisogeze, akalisogeza, akasema liko sawa. Halikuwa sawa, ila alikuwa amechoka kusema.

Hongbin alirudi kwenye duka lake kabla kabichi hazijaiva. Fenglan alipofunua mtungi, upande ule ambao jiwe halikuukandamiza, majani yalikuwa yameelea juu ya maji ya chumvi yakafanya utelezi. Aliyatoa kwa mkono wa kushoto, kiganja kwa kiganja, akimsema Hongbin kama vile amesimama pale. Za chini zilikuwa nzima. Akazipika na nyama ya nguruwe na tambi, akala. Zilikuwa nzuri, na hilo likamuudhi upya, maana alikuwa amejiandaa kulalamika.

Hongbin alipopiga simu kuuliza, alimwambia chumvi ilipungua kidogo. Hakumwambia kuhusu utelezi.

Sikukuu ya mwaka mpya ilipokaribia, Fenglan alitamani kabichi mbichi ya kukaanga kwa siki. Nyumbani hakukuwa na hata moja, zote ziliingia mtungini. Alivaa koti, akaenda dukani, akachagua ile iliyofungwa kwenye karatasi ya plastiki. Akaikaanga yote na kuila mpaka kipande cha mwisho, huku akimwambia Guizhi, aliyekuwa ameketi naye mezani, kwamba hiyo si kabichi.