Kasha la Kumi na Tisa

Kabla hakujapambazuka nilisikia pasi ikiwekwa juu ya meza, taratibu, kama inavyowekwa na mtu asiyetaka kuamsha wengine. Mjukuu wangu alikuwa akinyoosha gauni lake jeupe. Siku hiyo alikuwa anakwenda kumwona mama yake.

Mama yake, mwanangu wa pekee, alifariki mtoto akiwa bado ananyonya. Zilibaki picha mbili, na picha haina sauti. "Bibi, alikuwa anaongeaje?" mjukuu ameniuliza tangu utotoni, na kila nikijaribu kueleza, maneno yananiishia.

Kabla ya kuolewa, mwanangu aliwahi kuigiza mtumishi wa nyumbani katika tamthilia ya televisheni, sehemu ya kumi na tisa tu. Kituo chenyewe kilishafuta kanda zake zamani, kikazirekodia taarifa za habari. Aliyebaki na tamthilia hiyo alikuwa fundi redio mstaafu wa mtaa wa pili, tunayemwita Mzee Kanda. Aliirekodi nyumbani kwake wiki baada ya wiki, sehemu zote ishirini na sita, kila kanda na kasha lake lenye namba ya wino mwekundu.

Nilipomwomba, alinijibu, "Dada, kwangu tamthilia inatazamwa kwa mpangilio. Hatuanzii mkiani. Na kasha halifunguliwi kabla ya zamu yake."

Nikakubali. Jumamosi kumi na nane nilikwenda kwake. Kila mara nilipangusa makasha yote kwa nje, nikatoa ukungu kwenye kanda ya siku hiyo kwa pamba na spiriti, ndipo tukatazama sehemu moja. Alikuwa mwema kwa namna yake. Aliniwekea mto mgongoni, na alipogundua sikio langu la kushoto halisikii, alihamisha kiti changu. Nikiitaja kumi na tisa, alisema, "Mvumilivu hula mbivu."

Jumamosi ya kumi na tisa nikaenda na mjukuu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Ndiye huyu? Pua ni ya mama yake kabisa."

Mjukuu akakaa ukingoni mwa kiti, mikono magotini. Mzee akalishusha kasha, akabaki amelishika tu. Nikalichukua, nikalifungua. Lilikuwa tupu.

"Nilibadilishana na mkusanyaji mwenzangu," akasema. "Mwaka wa tatu huu. Alinipa mfululizo mzima wa upelelezi, na makasha yake halisi. Kisha akahama nchi. Sijui alipo."

"Kwa hiyo ulijua tangu siku ya kwanza."

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia, kaka?"

"Ningekuambia, ungekuja?"

Mjukuu akasema polepole, "Kila Jumamosi Bibi anarudi nyumbani na methali yako ya mbivu. Kumbe ulishazila zamani."

Mzee hakukasirika. "Lakini maneno yake nayakumbuka. Hayakuwa mengi." Akasimama wima, akakunja mikono tumboni kama mtumishi, akabana koo. "'Mama, wageni wameshafika. Niwafungulie?'" Akacheka kidogo. Nadhani aliona anatusaidia. "Sauti yenyewe ilikuwa hivyohivyo."

Haikuwa hivyo hata kidogo. Mwanangu alikuwa na sauti nzito, ya kifuani. Huyu alilia kama bawaba isiyotiwa mafuta. Nikageuka nimwambie mjukuu wangu, nikamkuta amefumba macho.

"Rudia, babu," akasema.

Akarudia. Akaombwa tena, akarudia tena, na mara ya tatu akaongeza madoido, kama mtu aliyeona anapendwa. Nimnyang'anye mjukuu wangu na sauti hiyo?

Mwishowe nikamshika mkono, tukatoka. Mzee Kanda alitufuata mpaka mlangoni, kasha wazi mkononi.

"Dada, Jumamosi mtakuja? Ishirini ipo. Nimeikagua kwa macho yangu. Njooni, hata kwa nusu saa tu."