Silinda Namba Mbili

Kila mwaka chama cha mainjinia wa meli, tawi la bandari ya Chattogram, hufanya mandari kwa boti juu ya mto Karnaphuli, na kila mwaka mambo ni yale yale. Wake zao hukaa juu wakipunga upepo. Wao wenyewe, watu waliolalamikia joto la chumba cha injini miaka thelathini, hawamalizi hata kikombe cha kwanza cha chai kabla hawajateremka kuitazama injini ya boti. Mazoea yana taabu.

Mwaka ule Tahiya hakuwa na hamu ya upepo, wala ya mezbani, nyama ya karamu iliyokuwa ikinukia masufuriani. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha ubaharia, na kampuni sita zilikuwa zimemjibu neno moja: melini hakuna chumba cha msichana. Bila meli ya kufanyia mazoezi, hapati cheti. Lakini kila anayepatia jibu katika shindano la wanafunzi hupewa barua na Chifu Mawla, injinia mkuu na mwenyekiti wa tawi, na hakuna kampuni mjini iliyowahi kuikataa barua ya Chifu Mawla.

Shindano lenyewe ni la kusikiliza. Unashika bisibisi ndefu, ncha kwenye injini, mpini sikioni, kisha unasema ugonjwa uko wapi. Ugonjwa huutia Chifu kwa mkono wake alfajiri, kwa ruhusa ya mwenye boti, na jibu hulifungia kwenye bahasha.

Shihab, mwenzake Tahiya darasani, alitoka chumba cha injini akijifuta jasho.

"Tumia macho, dada," alimnong'oneza. "Boliti za silinda namba mbili zimekwaruzwa na spana. Hata bibi yangu angeshinda, na bibi yangu ni kiziwi."

Kweli, boliti zilikuwa zinang'aa. Wanafunzi wanane walikuwa wamekwishasema namba mbili, valvu inagonga, na wazee watatu waliokaa ngazini walikuwa wakitikisa vichwa kukubali. Tahiya aliweka bisibisi. Akasikiliza moja hadi sita, akarudi mbili, akarudi tena. Silinda zote zilikuwa zinapiga sawasawa.

"Sema, binti," Chifu Mawla alisema. "Nyama inapoa huko juu."

Tahiya aliitazama bisibisi mkononi. Neno moja tu, mbili, na barua ingekuwa yake. Aliitaka barua ile kuliko kitu chochote.

"Sisikii ugonjwa, Chifu. Injini ni nzima."

Wazee wakaangua kicheko. "Huyu masikio ameyaacha chuoni!"

"Boliti hukuziona?" Chifu aliuliza.

"Nimeziona. Macho yananiambia mbili. Lakini mmenituma nisikilize."

Chifu alimtazama kwa huruma, akafungua bahasha, akasoma: valvu ya silinda namba mbili, imelegezwa. Tahiya akaiweka bisibisi chini, akasema, "Ahsante, Chifu," akageukia ngazi.

Hapo ndipo Badsha Mia, fundi wa boti, alipoinuka kwenye debe la mafuta alilokuwa amelikalia, akidhani mtihani wa wakubwa haumhusu.

"Kumbe ni wewe, Chifu?"

"Mimi nini?"

"Uliyenichezea injini! Jana nimeiacha nzima, leo nawasha, namba mbili inagonga. Nikasema, huyu ni shetani gani tena? Nimeikaza kabla hamjapanda. Ningemkamata mtu, ningempiga spana!"

Chifu Mawla aliokota bisibisi, akaiweka namba mbili, akafumba macho. Alisikiliza muda mrefu sana. Alipoyafumbua, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nimesimama hapa tangu mwanzo," alisema taratibu. "Wallahi, nilikuwa naisikia inagonga."

"Na mimi," alisema mzee mmoja ngazini. Wa pili akakohoa. Shihab, aliyekuwa amerudi kuchungulia, akawa anatazama viatu vyake.

Si kila mkubwa angesema vile mbele ya wanafunzi wake, na Tahiya alimpenda mzee yule kwa neno lile kuliko kwa barua zake zote.

"Ami, umeikaza vizuri," alimwambia Badsha Mia.

"Na ningeikaza vibaya?"

"Ningekusema."

"Wallahi huyu angenisema!" fundi alicheka, na safari hii kila mtu akacheka naye.

Chifu hakungoja kurudi ofisini. Aliandika papo hapo, karatasi juu ya debe. Barua zake huwa ndefu, zenye sifa tele. Hii ilikuwa na mistari miwili: *Mpeni huyu meli. Mimi nilisikia nilichokitia, yeye alisikia kilichokuwepo.* Akatia sahihi, kisha akampa kalamu Badsha Mia atie yake, maana siku ile yeye ndiye aliyekuwa ameitibu injini. Fundi alijipangusa mikono kwenye lungi, shuka aliyojifunga kiunoni, lakini kidole gumba kiliacha alama nyeusi ya mafuta pembeni.

Chifu alitaka kuiandika upya.

"Hapana, Chifu," Tahiya alisema huku akilia waziwazi. "Naipeleka hivi hivi."