Aksanti, Nimekwisha Kula

Foleni ya akina mama ilianzia mlangoni mwa kliniki moja ya Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, na kuishia barabarani, malori ya mpakani yakiwamwagia vumbi. Geneviève alisimama hapo tangu alfajiri, Patience mgongoni. Mtoto wa miaka mitatu, lakini mgongo haukuuhisi uzito wake.

Saa tano zamu yao ilifika. Bwambale, mhudumu wa lishe, alimzungushia mtoto utepe wa kupimia mkono. Ukaonyesha nyekundu.

"Mama, mtoto iko mbaya," alisema. "Lakini chakula iko, hii ya karanga. Akikula hapa mbele yangu, nakupatia pakiti za wiki mbili. Akikataa, hiyo ni ugonjwa, lazima alazwe hospitali ya Kasese, na wewe pamoja."

"Docteur, kulazwa haiwezekane. Niko na batoto wengine babili ku nyumba. Baba yabo tulimuzika Beni."

"Basi akule."

Akachana pakiti, akamnyooshea Patience. Harufu ya karanga na sukari ilijaa chumba. Geneviève mwenyewe alimeza mate. Mtoto alimtazama mama yake, kisha akaficha mikono nyuma.

"Aksanti," alisema kwa adabu. "Nimekwisha kula."

Bwambale akacheka. Geneviève aliona aibu, maana maneno yale alimfundisha yeye. Tangu wavuke mpaka mwanzoni mwa 2018 na kupanga chumba kwa Hajara, muuza chapati, aliogopa jambo moja kuliko njaa: wanawe kuitwa ombaomba. Kisimani alisikia wakimbizi wanavyosemwa. Siku Patience alipopokea kipande cha chapati cha Hajara, Geneviève alimchapa viganja vyote viwili kwa fimbo. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na huyu alikuwa amelelewa akaleleka.

"Kula, mutoto wangu. Leo nimekubali. Sitakupiga."

Machozi yalimtoka Patience, midomo haikufunguka. Geneviève alipotaka kumlisha kwa kidole, Bwambale alimzuia.

"Hapana lazimisha. Kitabu inasema akule mwenyewe."

Walingoja nusu saa. Kisha Bwambale akaandika: amekataa.

"Basi unipe hata ile yenye umefungua. Atakula ku nyumba."

"Hapana, mama. Ikifunguliwa, inatupwa. Hapana mimi nilitunga sheria."

Akaitupa kwenye ndoo, nzima. Sheria ile iliandikwa na mtu aliyeshiba. Geneviève alipewa karatasi ya kwenda Kasese, akaikunja ndani ya kitenge akijua hataenda.

Walipofika nyumbani, Hajara alikuwa barazani akikaanga chapati. Geneviève alimshusha Patience, akasimama. Hakuwa amemwomba mtu kitu tangu watoke Beni. Alitaka mtoto aone kwamba kuomba si dhambi.

"Mama Siraje," alimwambia Hajara, akakunjua viganja vyote viwili. "Ninakuomba chapati moja. Njaa inatuua."

Hajara aliacha mwiko.

"Ee jamani, Mama Patience! Siku zote mbona hukusema?"

Akachukua chapati ya moto, akainyoosha. Patience alijisukuma katikati yao. Alivishika viganja vya mama yake, akavikunja kidole kimoja kimoja mpaka vikafumba, akavikumbatia kifuani visionekane.

"Aksanti," alimwambia Hajara. "Mama amekwisha kula."