Karamu ya Kumnyima Kelepi Chakula

Mume wangu Kelepi alipoacha kutoka kitandani, muuguzi alisema ana magonjwa mawili, sukari na sonona, na kila moja linachochea jingine. Ameze dawa zake, ale mboga na samaki, atembee kidogo. Akipenda akandwe mgongo kwa mafuta ya nazi, kukandwa hakutibu sukari lakini humpumzisha mtu. La sivyo mguu wa kushoto tutauaga. Niliogopa.

Nikafanya ujinga wa kumwambia shangazi yake, Fusipala. Hapa kisiwani Vava'u shangazi hapingwi, hata akisema bahari ihamishwe.

"Hakuna mtu wa ukoo huu atakayejinyima peke yake kama mchawi," akasema. "Tutamfanyia shughuli."

"Shughuli ya nini, shangazi?"

"Ya kujinyima! Wewe mke wa Kelepi, huna haya? Watu watasema tumemtupa."

Jumamosi nguruwe wakafukiwa kwenye mawe ya moto. Mchungaji akaziombea mboga, kisha zikasogezwa pembeni kupisha nyama. Binamu zake wakamkanda kwa zamu, mkono mmoja mgongoni, mwingine kwenye magimbi ya tui. Kila msemaji alisimama kuusifu ujasiri wake wa kuacha kula, na kila aliposifiwa ilimbidi, kwa heshima, aonje. Kufikia alasiri sifa zilikuwa zimemfika kooni.

Shangazi akamsogezea paja zima la nguruwe. "Kula, mwanangu, upate nguvu za kujinyima."

"Siwezi, shangazi."

Waliokuwa wakimkanda waliganda.

"Halijaiva?"

"Limeiva. Ila mimi sina njaa, nina huzuni. Kila nikisema nina huzuni mnanipa nyama. Mguu unakwenda, na siku nyingine naona bora niende nao."

Nililia mbele ya wakwe zangu wote bila aibu. Shangazi akafuta mafuta ya mikono kwenye mkeka wa heshima aliojifunga kiunoni, jambo ambalo angemchapa mtu mwingine kwa kulifanya.

"Sasa unataka nini?"

"Mtu aje akae na mimi. Asilete kitu."

"Mikono mitupu?" Sauti yake ilikuwa ndogo, sijawahi kuisikia hivyo. "Mwanangu, hiyo sijui inafanywaje."

Akaketi kando yake. Mikono yake ikahangaika mapajani, haijui pa kwenda, mpaka Kelepi alipoishika.