Paswedi Anayoitaka Mwalimu

...na sauti ni yake kweli, hilo silitilii shaka, Mwalimu Asheri aliyenifundisha takwimu mpaka nikazipenda, ananiambia, "Rasha, mwanangu, nitumie hiyo paswedi yako mara moja tu, yangu imegoma," nami nimesimama dirishani mwa ofisi yetu ya utafiti hapa Ngamiani, simu sikioni, chini baiskeli zinapiga kengele, nikijua kabisa hesabu zinangojewa, wenzetu wa Moshi na wa ng'ambo wanataka zipite kwenye kompyuta kuu leo, na Khalifa, tunayegawana naye meza, ananong'ona, "Mpe tu, mzee wetu huyo, kila mtu anafanya"... kila mtu, ndiyo, na yeye Khalifa kaibandika ya kwake pembeni ya skrini, na kile chuo tunachoshirikiana nacho kiliingiliwa na wadukuzi hivyohivyo, paswedi ya kuazimana, mashine zikazimwa, ikawa haijulikani nani kafungua mlango maana ufunguo walikuwa nao wote... "Rasha, upo?" "Nipo, Mwalimu," lakini moyoni nipo Mkwaja, siku ile kwa Bimdogo, mmoja wa mama wa utafiti wetu, kampakata mwanawe mwenye selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, tunamtoa damu ya kupima, ananiuliza polepole, "Nani atajua ni huyu wangu? Wifi zangu wakisikia watasema nimewaletea maradhi ukweni," nikamjibu, "Jina lake nitaliona mimi peke yangu, dada," akaniachia ule mkono mdogo... basi akaunti yangu ndiyo inayofungua majina yale, siyo hesabu tu, na miaka yote nimedhani adabu ni kumkubalia mkubwa, kumbe yule mama naye ananidai adabu, naye hana simu ya kunipigia, basi namwambia, "Siwezi kukupa, Mwalimu, inafungua majina ya watoto, lakini Anastazia anayesimamia seva yupo, namwambia sasa hivi akufungulie yako, nami nakaa nawe kwenye laini mpaka uingie"... Khalifa kashika kichwa, Mwalimu anakohoa, ananyamaza, kimya ambacho darasani kilikuwa kikinifanya niombe radhi kabla sijajua kosa, leo nakiacha kiwe kirefu kinavyotaka, mpaka anasema, taratibu, kama mtu aliyeumia, "Kwa hiyo huniamini?" na jibu ninalo, wala silitafuti, "Nakuamini sana, Mwalimu, na sikupi."