Mafuta ya Bosi Lau

Miaka kumi na tisa Rohana amefunga chemba za ombwe, zile zinazonyonywa hewa yote, pale kiwandani Penang, na leo anaambiwa hajui kukaza bolti.

"Inavuja," Bosi Lau alisema, akivuta makamasi nyuma ya barakoa. "Tangu jana pampu inahangaika, presha haishuki. Umefunga wewe. Spektrometa ikionyesha hewa ya nje, Jumatatu unahamia kufunga maboksi."

Rohana aliogopa, basi.

Thilaga, fundi wa spektrometa, aliwasha mashine yake. Gesi kidogo iliyobaki ndani ya chemba hupigwa na elektroni, ikapata chaji, kisha ikachambuliwa kwa uzito. Kila gesi huja na namba zake, na haijui kumwogopa bosi.

"Dada, omba thelathini na mbili isitokee," Thilaga alinong'ona. "Hiyo ni oksijeni. Ikitokea, hewa imeingia."

Vilele vikachomoza kwenye skrini. Kumi na nane, maji, hayo hayakosekani. Thelathini na mbili, hakuna kitu. Thilaga akapuliza heliamu kuzunguka maungio yote. Namba nne, ya heliamu, haikushtuka: hakuna iliyopenya ndani.

"Haivuji!" Rohana alisema kwa furaha.

"Sasa humo mna nini, mashetani?" Lau akafoka.

Tisini na mbili. Mia na ishirini. Mia hamsini na mbili. Thilaga akatazama orodha yake ya namba, akakunja uso, halafu akacheka mpaka akashika meza.

"Bosi, hizi ni namba za mafuta ya kuchua; juzi ulipokuja kukagua kabla hatujafunga, ulijipaka?"

Kisiwa kizima cha Penang kinajipaka mafuta yale, puani, kwenye kipaji cha uso, kwenye tumbo la mtoto. Ila kwenye chumba cha ombwe yamepigwa marufuku, na tangazo lililobandikwa mlangoni lina sahihi ya Lau mwenyewe.

"Kidogo tu," alisema. "Nilikuwa na mafua."

"Na glavu zilizogusa mafuta ndizo ulizoshikia ndani! Mvuke wake ndio unaozuia presha kushuka."

Nyani haoni kundule, na huyu alikuwa hata halinusi. Rohana akaketi kwenye kiti cha karibu, akashusha pumzi aliyoibana tangu asubuhi.

"Tufungue, tusafishe, tuanze upya," alisema. "Na maboksi ya Jumatatu, bosi, anafunga nani?"

Lau akajikuna shingo.

"Chemba utafunga wewe, Dada Rohana. Mimi nitasimama nje ya mlango."