Vitunguu vya Maua vya Bosi

Jokha alikuwa kainama juu ya ndoo, mkono umejaa povu mpaka kiwikoni, na mumewe Muhsin anavuta bangili ya dhahabu kama mtu anayeng'oa jino la ng'ombe. Haikutoka. Alivishwa siku ya harusi, Unguja, akiwa mwembamba kama ufito. Halafu ikaja Riyadh na kabsa yake, wali na nyama kila siku.

"Mkono wangu huu, bwana, si bomba," alisema Jokha.

Muhsin aliendesha gari la mizigo, na kodi ya chumba chao cha mtaa wa Malaz ilikuwa imepanda tena. Mwaka ule wa pesa za mafuta, mtaa mzima ulishikwa na wazimu wa vitunguu vya maua kutoka Uholanzi, vile vya kupandwa vichanue. Watu waliuziana hata hawajaviona: ulichonunua adhuhuri, magharibi jirani anakililia kwa bei maradufu. Vyenyewe vilikuwa vimelala kwenye ghala la baridi la bosi wake Muhsin, ambaye ndiye kafili, mdhamini wa nusu ya mtaa, na ndiye aliyeshika ikama zao, vibali vya kuishi nchini. Mgeni haruhusiwi biashara, kwa hiyo ulilipa wewe, karatasi ikaandikwa jina la bosi. Kwa Muhsin ilibaki bangili tu ya kuuza, naye aingie.

Wakaenda soko la Dirah kwa sonara. Akasema ataikata, akainua mkasi wa chuma. Jokha akafumba macho. Hapo adhana ya alasiri ikalia. Sonara akaweka mkasi chini, akawatoa nje, akafunga duka.

Wamesimama pale, akapita jirani yao Mbarouk, uso umemshuka. Umeme wa ghala umekatika tangu wiki mbili zilizopita, akasema. Leo wamefungua mlango, vitunguu vimekuwa uji. Akiba yake yote imo mle.

Sonara aliporudi, alimkuta Muhsin kaukumbatia mkono wa mkewe kama kuku anayeatamia.

"Halas," Muhsin alimwambia. "Tumeghairi."

Jokha alicheka mpaka akakaa kizingitini.

Kesho yake bosi alimpa Muhsin karatasi za mauzo, akamwamuru apakie uozo ule, ampelekee kila mnunuzi mlangoni kwake. Wamenunua, ni mali yao, pesa hairudi.

Muhsin akapakia. Barabara nzima ikaziba pua. Alipofika kwa Mbarouk hakusimama. Alinyoosha mpaka kwenye jumba la bosi, akamwaga mzigo wote getini.

Bosi akatoka na kanzu yake nyeupe, akauliza amepatwa na wazimu gani. Muhsin alijua ikama yake iko wapi. Hata hivyo akamnyooshea zile karatasi, kwa adabu zote.

"Nimefuata jina, baba."